Mbuzi Aliyeupa Mlingoti Mkia

Fundi Shaame,

Salamu zikufikie huko uliko, pamoja na lawama kidogo. Ningekusomea dua nikanyamaza, lakini wiki hii umenitia aibu mbele ya Wajerumani, na mwenyewe hupo wa kujitetea. Basi sikiliza.

Tangu tukuzike, Riyadh imezidi kubadilika. Kila siku maonyesho, kila siku wageni, na kila mgeni ana bendera yake. Ungedhani meza yetu ya kushonea hapa Batha ingepata heshima. Wapi! Kafili, tajiri anayetudhamini na mwenye duka, ameshikwa na wazo la mashine ya kuchapa bendera. Akaniambia, "Salimu, oda hii ya Jeddah ikienda vizuri, meza ibaki. Ikiharibika, halas, urudi kwenu." Unaelewa maana yake: mimi nirudi Tanga, wewe ubaki kwenye mchanga wa watu bila hata mmoja wa kukuzuru.

Oda yenyewe ilikuwa bendera ya mji mdogo wa Ujerumani, meya wake anakuja Jeddah na wafanyabiashara. Aliileta binti wa Kisaudi, Abiri, mwandalizi wa maonyesho, kaendesha gari mwenyewe mpaka mlangoni. Juu njano, chini nyekundu, katikati ngao, na ndani ya ngao mbuzi mweusi kasimama kwa miguu ya nyuma, pembe za dhahabu, ulimi nje. Nilicheka. Mji mzima umekaa kikao ukakubaliana nembo yetu iwe mbuzi. Lakini nilivyozidi kumshona nikampenda. Ndevu zake kama zako.

Nikamshona ulivyonifundisha. Miaka yote ya bendera ya kijani ya Saudia ulinisimamia kichwani: "Nyuma pawe kama mbele, bwana mdogo, hatushoni shuka." Vitambaa viwili, mgongo kwa mgongo, ili shahada isomeke sawasawa pande zote mbili. (Nina miaka hamsini, bado bwana mdogo.) Basi na mbuzi nikamshona vivyo hivyo, mbele na nyuma, bila tofauti hata ya uzi.

Nikapanda basi na bendera mapajani hadi Jeddah, tukaipandisha mbele ya hoteli. Upande wa mbele, mbuzi anautazama mlingoti, kama anavyotakiwa. Ukizunguka nyuma, mbuzi yuleyule ameupa mlingoti mkia, anatoka mbio kama aliyeona kisu cha Idi. Na meya akazunguka nyuma. Hakusema neno kali, alimnong'oneza Abiri tu. Abiri akanigeukia akijiuma mdomo: "Ami Salimu, mzee anauliza, huyu mbuzi anamkimbia nani?"

Nilitaka kumjibu anamkimbia Fundi Shaame wa Pemba. Maandishi hayageuzwi, ndiyo. Mnyama hugeuzwa, aelekee mlingoti pande zote. Mbona hukuniambia? Labda nawe hukuwahi kushona mnyama. Hilo ndilo linaloniudhi, Fundi. Kila ninapokwama siku hizi nageuza shingo kukuuliza, nakuta kiti kitupu.

Nikajifungia chumba cha kufulia cha hoteli, nikamfumua mbuzi wa nyuma, nikampindua, jicho na pembe nikazidarizi upya, miwani inateleza kwa jasho. Kafili simu haimtoki mkononi: "Yalla, Salimu. Mashine haikosei mbuzi."

"Inakosea," nikamwambia, "tena mia kwa mpigo."

Akakata.

Alasiri ikapanda tena. Meya akaizunguka mara mbili, kama anayekagua ng'ombe mnadani, akanipa mkono. Abiri mwenyewe akampigia kafili kumwambia imekubaliwa.

Mashine inakuja hata hivyo, sikufichi. Inakaa pale pako dirishani. Meza imesukumwa ukutani, haijatolewa, na ikama yangu, kibali cha kuishi huku, inaongezwa mwaka. Nimekasirika na nimeshukuru kwa pamoja, sijui nianze na lipi.

Kwa hiyo Ijumaa nitakuja, na Ijumaa zote za mwaka huu, Mungu akipenda. Ile mara ya kwanza nilipokuja kukuzuru nilishindwa kukupata. Makaburi ya hapa hayaandikwi majina, mawe yote sura moja, na mimi unanijua, hata viatu vyangu msikitini navipoteza. Nitasimama karibu na ukuta niwasalimie wote, safu kwa safu. Wewe mle ndani utajijua.

Pumzika, Fundi.

Salimu