Manowari ya Makaratasi

Jumatatu, 4 Agosti
Kazini Rooty Hill, kwenye nyumba ya wazee, tangu alfajiri. Nimeogesha wazee watatu, mmoja kanipiga kibao kwa bahati mbaya. Baridi ya huku ugenini inauma. Nimerudi nyumbani Smithfield miguu imekufa ganzi, nikamkuta Deo tena sebuleni amepiga magoti, kati ya maboksi. Anajenga meli. Mume wangu, miaka arobaini na sita.

Miezi mitatu tangu mgongo umshinde ghalani alikofanya kazi, kule Wetherill Park. Daktari amesema mizigo basi. Tarehe kumi na nane ana miadi ya kuzungumzia kazi nyingine, na amesema haendi. Hazungumzi chochote isipokuwa hiyo meli. Inaniudhi. Lakini angalau anazungumza.

Jumatano, 6 Agosti
Leo kanisomesha wakati nakata vitunguu. Utotoni, Kigoma, alikuwa akiitazama ile meli kuukuu ya Wajerumani ziwani, akijiuliza baharini walijenga nini. Sasa amekipata kitabu maktaba. Meli yake inaitwa Nassau, manowari yao ya kwanza ya aina ile kubwa. Minara sita ya mizinga, kila mmoja na mizinga miwili: mnara mmoja mbele, mmoja nyuma, miwili kila ubavu. Kwa hiyo ikipigana upande mmoja, mizinga minne inakaa bure. Nikamwambia huo ni upuuzi. Akasema katikati pamejaa injini za mvuke, minara ingekaa wapi?

Macho yalimng'aa. Vitunguu vikaungua. Sikujali sana.

Jumamosi, 9 Agosti
Kesho akina mama wa kwaya wanakuja kumwombea mgongo. Kwetu wageni wa maombi hawapokelewi kwenye takataka, hata mgonjwa awe anakata roho. Deo amelala mchana. Nimesugua sakafu, nimefua mapazia, meli nimeipandisha juu ya kabati, nimekusanya maboksi yote na vijikaratasi vyote, nikavitia kwenye pipa la kifuniko cha njano, lile la taka za karatasi. Nyumba inanukia. Nimefurahi.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeitupa minara yote sita.

Ilikuwa ndani ya boksi la viatu ambalo sikulifungua. Jana wageni walijaa hadi jioni, hakuigusa. Leo asubuhi kaitafuta chini ya kochi, nyuma ya televisheni. Nikaelewa kabla hajauliza. Nimekimbia nje na kanga, gari la taka lilikuwa limeshapita. Pipa tupu.

Hakunigombeza. Kasema "haidhuru, Mama Ineza," akaenda kulala. Afadhali angefoka.

Jumanne, 12 Agosti
Hakula. Amelala ameelekea ukutani. Nimemkumbusha miadi, akavuta blanketi. Naona haya, na pia nina hasira naye, vyote pamoja. Ni makaratasi! Kisha naingia chooni nalia. Wiki mbili alizikata zile duara za minara kwa mkasi wa kucha, kwa mikono iliyozoea kubeba kilo hamsini.

Namwogopea. Hilo ndilo lenyewe. Naogopa atabaki pale ukutani.

Alhamisi, 14 Agosti
Siku yangu ya kupumzika. Nimejenga minara mwenyewe, kwa maboksi ya dawa na vijiti vya mishikaki kuwa mizinga. Ineza alipotoka shule akanitazama, akasema, "Mum, seriously?" Kisha akakaa akanisaidia kukata. Tumeigundisha yote sita katikati, mstari mmoja ulionyooka. Niliona imependeza.

Deo akatoka kwenda kunywa maji. Akasimama. Akahesabu minara kwa kidole.

"Mama Ineza, hii ni manowari au foleni ya kliniki?"

Nikasema mizinga yote ipige pande zote, Wajerumani hawakufikiria.

"Na injini utaiweka wapi, kichwani kwako?"

Akacheka. Akashika mgongo, akaendelea kucheka. Nimemkalisha, nikabandua minara minne chini ya usimamizi wake, niirudishe ubavuni. Ana kelele kuliko msimamizi wangu. Amekula sahani mbili.

Jumapili, 17 Agosti
Baada ya kanisa tumeiweka meli kwenye beseni la kuogea. Deo amelivika tumbo la meli utepe wa kufungia mizigo, lisilowe. Ineza akatikisa maji. Ikayumba vibaya.

Deo alifurahi. Kumbe hata ile yenyewe iliyumba. Walidhani uzito wa minara ya ubavuni ungeituliza, bahari ikawakatalia. Wakaiongezea mapezi chini, kila upande. Nikakata mawili kwenye kifuniko cha aiskrimu. Tukayagundisha, tukangoja gundi ikauke, tukairudisha meli majini. Ineza akatikisa tena. Safari hii ikatulia upesi.

Nikamuuliza mwisho wake, maana ukurasa ule alikuwa akiuruka. Haikuzama. Iligongana na meli ya Waingereza vitani, ikarudi nyumbani imepasuka, ikatengenezwa. Vita vilipokwisha walipewa Wajapani, na wao wakaiuza ikatwe chuma chakavu huko Uholanzi. Amenieleza taratibu, bila kunitazama. Kisha akasema chuma kile lazima kilifanya kazi nyingine. Nikasema lazima.

Meli bado iko kwenye beseni, anataka kujua kama itavuja hadi asubuhi. Nimeoga kwa ndoo, kama zamani kwenye kambi ya wakimbizi. Sikulalamika.

Shati lake la bluu limetundikwa mlangoni, la miadi ya kesho. Amelipiga pasi mwenyewe, akiwa amesimama.