Namna Furaha Alivyopata Fasi Darasani

Mjukuu wangu Neema,

Huku Misiera tuko wazima, na maharagwe yameota. Natumaini masomo yako ya ualimu huko Mbarara yanaendelea vizuri.

Umeuliza shangazi yako Furaha aliingiaje shuleni, naye hasikii. Nilimpeleka peke yangu mara mbili. Mwalimu mkuu alisema atachelewesha wenzake, tukarudi. Jirani yangu Mrundi, Mama Désiré, aliposikia hayo akaita bamama wa mtaa wetu. Mara ya tatu tulifika watu kumi na mmoja.

Mwalimu mkuu akamuuliza jirani, "Mama, mtoto wako si anasoma tayari? Umefuata nini hapa?"

"Wangu ana fasi darasani. Nimekuja kwa ajili ya huyu."

Mwalimu mkuu alitutazama sote, kisha akampeleka Furaha kwenye benchi la mbele. Mwalimu wa darasa hakujua ishara hata moja. Akaniuliza "kaa" inaonyeshwaje. Kabla sijajibu, Furaha, aliyekuwa akitazama midomo yake, akamwonyesha kwa mikono, na watoto wote wakamwiga.

Siku yako ya kwanza kufundisha, huenda usijue mambo mengi. Yule mwalimu naye hakujua, lakini aliuliza.

Mungu akutunze,
Koko yako