Foleni Alikuwa Anampelekea Nani Kile Kisahani

Baba, mwaka umetimia tangu moyo wako usimame ukiwa umeinamia friji ya mteja, bisibisi bado mkononi. Na nyie mnaosoma hapa, kaeni vizuri, maana kilichotokea kwenye familia hii ndani ya mwaka huo hakiaminiki. Video tunayo, na bado tunairudia kama tunatafuta mahali ilipokatwa.

Tuanze na mazuri yako, Baba. Ni mengi. Ukituona tumekasirika huko mbele usiseme tuliyasahau.

Ulikuwa fundi ambaye hawezi kusikia friji inanguruma vibaya akakaa kimya. Unaenda kwa watu kusalimia, unasikia sauti jikoni, salamu zinaishia hapo hapo, umeshapiga magoti nyuma ya friji yao unaiambia, "Haya mama, nionyeshe panapouma." Chai ulikunywa umesimama. Simu uliongea kwa kelele kana kwamba mwenzako yuko ng'ambo ya mto. Nywele zako zilikaa vizuri siku zote, mstari umenyooka, kisogo safi. Hizo nywele tutazirudia.

Na ulimpenda Foleni. Ulimwokota mdogo, amejilalia katikati ya barabara mbele ya karakana yako, magari yamepanga mstari yanapiga honi na yeye hana habari. Jina likatoka hapo. Siku ulipomrushia mfuniko wa ndoo kwa utani, akaufukuza na kuudaka, ukarudi nyumbani macho yanang'aa kama mtu aliyeahidiwa safari.

Ukaanza kusoma mambo ya mbwa wanaodaka visahani vya kurusha. Daktari wa mifugo akakuambia mfuniko utamkata ufizi, tafuta kisahani laini cha mpira, na usimrukishe mpaka mifupa ikomae. Ukatii. Ukamchukua Chapchap, binti yako wa pili, huyu anayekula haraka, anaongea haraka na kulia haraka, ukamwambia, "Tutamfundisha mimi na wewe."

Kwanza Foleni alikula chakula chake ndani ya kisahani kilichogeuzwa, ili akipende. Halafu mkaanza kukiviringisha chini kama gurudumu, akikimbilie bila kuruka.

"Mbona hatumrushii juu kama kwenye video?" Chapchap akauliza.

"Wewe ulipozaliwa ulianza na kuruka ukuta?"

"Mama anasema nilianza na kulia."

"Na hujamaliza. Viringisha."

Ukamfundisha kurusha bila mbwa kwanza, kiganja chini, kisahani kiwe sawa na kifua, nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono na siyo begani. Nyasi tu, siyo lami. Maji karibu. Na lile neno lako, kila mara Foleni alipokuwa bado anadai zaidi, unaficha kisahani kwapani: "Basi. Mwache na hamu. Ukimchosha leo, kesho hatakuja."

Ila alfajiri ulikwenda naye mwenyewe, kwenye uwanja wa nyuma ya ghala la mbao. Chapchap akiomba kuja ulikataa. Ulisema mbwa anachanganyikiwa akiona watu wengi. Tukakuamini, Baba. Foleni, aliyelala katikati ya magari, eti anaogopa watu.

Sasa tuje kwa Kinyozi.

Wasiojua wajue kwamba Kinyozi wa duka la pale kona alikuwa rafiki wa Baba tangu ujana. Sisi tulimwita Baba Mdogo. Binti yake na Chapchap walikuwa wanavaa nguo za kufanana mpaka mtaa ukamwita yule binti Pacha, na jina likamganda. Halafu ikaja harusi ya Kaka, Foleni bado hajaja kwetu. Kinyozi akashika kipaza sauti, akawasimulia wakwe jinsi Baba alivyokwenda kwa kina Mama kuchumbia, akakimbizwa na bata mzinga, akajifungia kwenye banda la kuku analia. Ukumbi mzima ulilala chini kwa kicheko. Wewe, Baba, hukucheka. Usiku huo huo ulitukusanya ukasema, "Kuanzia leo, atakayemsalimia yule mtu au mtu wa nyumba yake, asiniite baba."

Tukafanya hivyo. Miaka. Mama na magoti yake yanayouma alizunguka mtaa mzima na kapu ili asipite mbele ya duka. Kaka akaenda kunyolewa mbali kwa mtu mwenye mkono unaotetemeka, ukiangalia picha zetu za familia utadhani panya wamepita kichwani mwake. Chapchap akiona Pacha anakuja, alivuka barabara. Na mama yake Pacha alipofariki, Foleni akiwa ameshakuwa mbwa mkubwa, Chapchap alisimama nyuma ya pazia chumbani kwake kutwa nzima, anaangalia watu wanaingia msibani na kutoka, akang'ata kidole, asiende. Alikuwa anakuheshimu.

Ukafariki. Chapchap akamchukua Foleni, akampeleka uwanja ule ule wa nyuma ya ghala. Akarusha vizuri, kiganja chini. Foleni akadaka vizuri. Lakini hakurudi. Alikimbia na kisahani mpaka kwenye kona ya uwanja, kwenye uwazi wa uzio unaotokea barabarani, akakaa pale, anaangalia njia. Ukimwita anakutazama kama wewe ndiye huelewi. Kila siku.

Mama alipokuja kuona, alikaa chini kwenye nyasi. "Anamsubiri mwenzangu," akasema. Tukalia wote. Tukamrekodi, tukaweka muziki wa huzuni, video ikazunguka, watu tusiowajua wakatuandikia kwamba wanalia maofisini. Shangazi akatoa wazo tulete koti lako la kazi, tulivike kiti pale konani, labda atatulia. Foleni akalinusa koti, akatikisa mkia kidogo kwa adabu, akalizunguka, akaendelea kuangalia njia.

Hapo tulitakiwa kushtuka.

Mwezi uliopita kukawa na mashindano ya mbwa wanaoanza. Unasimama nyuma ya mstari, unarusha, mbwa anadaka, anarudisha, unarusha tena mpaka muda uishe. Chapchap akajiandikisha kwa ajili yako. Tukaenda wote, simu juu.

Akarusha. Jamani, kilikwenda kimenyooka kama kimevutwa na uzi. Foleni akaruka, miguu yote hewani, akadaka. Watu wakapiga makofi. Akageuka, akampita Chapchap bila kumtazama, akaupita mstari, akaingia katikati ya watu, akapenya miguuni kwao mpaka nyuma kabisa, na kisahani akakiweka mikononi mwa mzee mmoja aliyevuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Na yule mzee, mkono wake ukafanya wenyewe. Kiganja chini. Kifundo. Kisahani kikapita juu ya vichwa, na nyuma yake ukafuata mluzi wako wa kumwita Foleni, Baba, ule wa pumzi mbili, wa pili unapanda. Foleni akaruka kama hajawahi kufiwa.

"Yule si Kinyozi?" Shangazi akauliza taratibu.

Chapchap alishamfikia. "Baba Mdogo," likamtoka bila kutaka, akalimeza. "Mbwa wetu umemjulia wapi?"

"Mbwa hawa wanazoea kila mtu."

"Foleni hajamzoea hata Shangazi, na Shangazi ndiye anayempa mifupa."

"Na leo ndiyo mwisho," Shangazi akasema.

Kinyozi akavua kofia. Akaeleza anaangalia miguu ya Mama. Kwamba Foleni alipokuwa mdogo alichomoka na mfuniko wa ndoo, akaingia nao dukani kwake, mteja kanyolewa upande mmoja, akamkabidhi Kinyozi. Kinyozi akautupa nje. Baba akiwa mlangoni anahema akasema, "Hujui kurusha." Kinyozi akajibu, "Na wewe hujui kufundisha." Kesho yake wakakutana uwanjani ili kila mmoja amwonyeshe mwenzake. Na kesho yake tena. Baba anarusha, Foleni anadaka, anampelekea Kinyozi aliyesimama konani. Kinyozi anarusha, Foleni anadaka, anampelekea Baba. Kila alfajiri, mpaka Baba alipokufa. Baada ya hapo Kinyozi hakuweza kuupita ule uzio tena.

"Na nywele?" Kaka akauliza, amejishika kichwa.

"Nilikuwa namnyoa mimi. Pale pale uwanjani, kwenye kigoda."

Kaka akakaa chini.

Mama akamsogelea Kinyozi. Akasema taratibu sana. "Kwa hiyo mimi na kapu langu, nilikuwa nazunguka kwa ajili ya nani?"

"Shemeji, alisema atawaambia siku Foleni atakapoingia mashindanoni. Tutatokea wawili na mbwa katikati, mtaona wenyewe. Mdomo wake ulikuwa hauna pa kuanzia. Kila nikimwuliza ananiambia kesho."

Sisi tulikuwa tumeshika ugomvi wako kwa mikono miwili, Baba, kumbe wewe ulishautua zamani. Ungetusimulia tu lile la mteja aliyenyolewa nusu, tungecheka, yangeisha siku hiyo hiyo.

Lakini Chapchap alikuwa hafikirii kapu wala nywele. Kesho yake alikwenda kwa Pacha, ambaye sasa ni mshonaji. Alisimama mlangoni mwa kibanda mpaka miguu ikamuuma.

"Karibu," Pacha akasema bila kuinua macho. "Kupunguza au kuongeza?"

"Ni mimi."

"Naona. Kupunguza au kuongeza?"

"Nimekuja kukuambia kitu. Wazee wetu walikuwa wanakutana. Uwanjani, na mbwa."

"Najua." Cherehani haikusimama. "Nilikuwa nawapelekea chai."

Chapchap akaingia kibandani. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ukiniona unavuka barabara." Akakata uzi kwa meno. "Nilisema nitakungoja uje mwenyewe, usitumwe na mtu. Nikangoja. Hata mama alipokufa nikangoja. Baba yako alikuja siku ile, unajua? Aliingia mlango wa jikoni, akakaa na baba mpaka watu wakaisha. Nikamwuliza, Pacha wangu yuko wapi? Akaniambia unaumwa homa, hata kusimama huwezi."

Chapchap, Baba, siku ile alikuwa amesimama. Nyuma ya pazia, tangu asubuhi. Na wewe ulirudi jioni, ukala, ukamwuliza kama Foleni amepewa maji. Ungesema neno moja tu. Nenda. Angetoka bila viatu.

Pacha akainua macho kwa mara ya kwanza. "Ulipona?"

"Nini?"

"Ile homa. Ulipona?"

Chapchap akageuka. Akaondoka taratibu, na nyie mnaomjua mnajua hajawahi kuondoka mahali taratibu.

Siku nyingi alikataa kugusa kisahani. Picha yako ya sebuleni aliigeuza ikaangalia ukuta, Mama anaigeuza, yeye anaigeuza tena. "Alinidanganya na akadanganya kwa jina langu," alimwambia Mama. Mama akamjibu, "Na mimi nimelala naye kitanda kimoja." Foleni peke yake ndiye aliyeendelea na ratiba. Kila alfajiri anakaa mlangoni, kisahani mdomoni, anasubiri mtu mwenye akili.

Leo, siku yako, Chapchap kaamka, kavaa viatu, kamfuata. Sisi tukafuata kwa mbali. Alirusha kimoja tu. Foleni akadaka, akakimbilia konani kama kawaida, kwenye ule uwazi wa uzio, na pale kulikuwa na mtu. Hakuwa Kinyozi. Alikuwa Pacha, na futi ya kupimia nguo bado iko shingoni.

Foleni akamkabidhi. Pacha akakifuta mate kwenye sketi. Chapchap akanyoosha mikono kukipokea, kule upande wako, mahali ulipokuwa unasimama wewe.

Pacha akakiweka kwapani.

"Basi," akasema kwa sauti ya kufika. "Mwacheni na hamu." Akaondoka nacho.

Ndilo neno lako, Baba. Alilisikia akileta chai, kwenye zile asubuhi ulizotuambia mbwa hataki watu. Chapchap yuko uani sasa hivi, hajui kama ameitwa au amefukuzwa. Kesho kisahani kiko kwa Pacha. Foleni ataamka. Na Chapchap anasema hatakwenda, halafu anauliza viatu vyake viko wapi.

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye siku hizi anapita njia ya mkato, Kaka na mkewe, binti yako Chapchap, aliyesema aandikwe ila bado ana hasira, sisi wadogo, dada yako Shangazi, wajukuu, mbwa wako Foleni. Kaka alitaka tuishie hapo. Mama akachukua simu akaongeza mwenyewe: na rafiki yake, Kinyozi.

Kukusahau hatuwezi, Baba, hata siku tunazotamani. Pumzika, na ukikutana na bata mzinga huko, simama.

Na wewe unayesoma, ungekuwa ndiye Chapchap, alfajiri ya kesho ungekwenda uwanjani, au ungebaki nyuma ya pazia?