Shati Lisilofuliwa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako, na lile goti limeacha kukusumbua asubuhi za baridi. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, na huo hauna jipya. Vipi Chiriku? Bado anawahutubia kuku mpaka wanasinzia? Mwambie baba yake anamsalimu, hata kama atauliza baba gani huyo.

Dereva wa lori la vitunguu atakukabidhi barua hii pamoja na kifurushi, kimefungwa kwa mfuko wa plastiki na kamba. Nakuomba usikifungue mpaka umalize kusoma. Najua mkono wako hauna subira, lakini jitahidi. Ukikifungua kabla hujaelewa utakipeleka moja kwa moja kwenye beseni la sabuni, na kazi yangu yote itakuwa bure.

Sasa nikupe habari. Nimetoka kwenye lile kundi la wavunaji. Mwenye shamba mmoja huku juu kilimani alitaka mtu wa kukaa, wa kumtengenezea uzio na kuangalia mifugo, akanichukua. Nina chumba nyuma ya ghala, kina dirisha na mlango unaofungwa, na anayekoroma ndani ni mimi peke yangu. Kazi ipo. Nafagia banda, nakata majani, najaza maji ya ng'ombe, kisha nashikana na nguzo na waya mpaka jua linazama. Ukinishika mkono utadhani umeshika gome. Lakini silalamiki, kwa sababu hapa nakula mezani pamoja na familia, na hiyo meza ndiyo habari yenyewe. Ina watoto watatu, na haijapata kukaa kimya tangu nije.

Mkubwa ni msichana, wanamwita Hakimu, maana kesi zote za nyumba hii anakata yeye: nani kamwaga maji, nani alale upande wa ukutani, kuku gani ana kiburi. Anayemfuata ni mvulana, anaitwa Mbona. Mbona jogoo hanawi uso, mbona waya una miiba, mbona mjomba anakula mikate mitatu na mimi mmoja. Wa mwisho ni Tonge, miaka miwili, amejaa kama jina lake. Kusema hajui, kuamuru anajua. Mimi, kwa hii miguu mirefu, wameniita Ngongoti siku ile ile niliyofika, kana kwamba walikuandikia kukuuliza unaniitaje. Baba yao ni mpole, muda mwingi yuko chini ya trekta, kwa hiyo mimi namfahamu zaidi kwa buti zake. Nguzo ya shamba ni mama yao, Mama Hakimu.

Ungeona asubuhi zao ungecheka. Kiatu kimoja kinatafutwa, kinapatikana kwenye kiota cha kuku, na kuku amekilalia. Mbona anakataa kuchana nywele mpaka aambiwe nywele zinatoka wapi. Tonge amekaa ndani ya karai la maharage yaliyolowekwa, amevaa kofia tu. Hakimu ameshatoa hukumu kwamba maharage hayo yaliwe na Tonge peke yake. Tumeyala sote.

Nisikufiche, mwanzoni nilikuwa nakula upesi niondoke. Mtoto akipanda mgongo wa baba yake kama mtu anayepanda kitanda chake mwenyewe, mimi nilikuwa natazama sahani. Unakumbuka nilipokuja mara ya mwisho. Chiriku, anayeongea na kila kiumbe mpaka ndoo, alijificha nyuma ya sketi yako muda wote niliokaa. Aliniita yule mtu. Alikuuliza yule mtu ataondoka lini, nami nimekaa pale pale. Ulisema watoto wote ndivyo walivyo, atanizoea, tukacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu. Mama yake hayupo wa kumshika mkono amwambie huyu ndiye. Nimekuwa nikijiuliza, nikija tena baada ya mavuno akanikimbia tena, hapo mimi ni baba wa nani?

Basi, mwezi uliopita Mama Hakimu alishikwa na tumbo akiwa anaanika nguo. Tulidhani ni la kupita. Kufika jioni alikuwa amejikunja, mume wake akampakia kwenye gari mpaka mjini, madaktari wakampasua kidole tumbo siku hiyo hiyo. Baba wa watu akawa kiguu na njia, hospitali na shamba, shamba na hospitali. Nyumba ikabaki kwangu, kwa Hakimu, na kwa Malkia.

Malkia ni ng'ombe. Kila mtu hapa anaweza kumlisha, lakini kumkamua ni Mama Hakimu peke yake tangu ng'ombe huyo alipozaa mara ya kwanza. Sikuona shida. Ng'ombe wangapi nimewakamua maishani? Nikaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, nikamwachia ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, nikaketi. Malkia akageuza shingo, akanitazama tangu kofia mpaka viatu, akaipiga ndoo teke ikatoka mlangoni. Nikamfunga miguu ya nyuma. Akazuia maziwa. Nikampa pumba, nikampa chumvi, nikamwimbia. Mbona alikuwa ameketi juu ya ndoo nyingine, akaniuliza mbona ninaimba kama mtu anayeumwa. Nilitoka na maziwa ya kutosha kikombe, na kikombe chenyewe kidogo.

Kesho yake ikawa vile vile. Kiwele kimejaa, kinang'aa, na mimi najua maziwa yakikaa humo ng'ombe ataugua. Ndani ya nyumba nako Tonge alikuwa amegoma. Hali, halali, anazunguka na kikombe kitupu akiita mama kwenye kila mlango, hata mlango wa kabati. Nikimbeba anajinyoosha kama ubao. Nilikuwa naujua ubao ule, dada. Nilishaubeba kwako.

Ndipo Hakimu aliponishika mkono akanipeleka bandani. Kwenye msumari lilikuwa linaning'inia gauni kuukuu la mama yake, la kukamulia, lenye madoa ya maziwa na majani, ambalo sijawahi kuliona kwenye kamba ya nguo. Akaniambia nivae. Nikamwambia mimi ni mtu mzima. Akasema Malkia haangalii utu uzima, yeye hanijui tu, basi, na mtu asiyejulikana asilalamike akipigwa teke. Nikasema watu watanicheka. Akasema watu gani, hapa kuna kuku. Nikavaa. Mwenyewe gauni hilo linamfika kwenye vifundo vya miguu, mimi lilinifika magotini. Kwenye mabega lilipasuka kidogo. Hakimu akanifunga na kilemba, akarudi nyuma kunitazama, akasema nisitabasamu.

Nikaketi. Malkia akageuza shingo, akanusa mkono wa gauni, akanusa tena, akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Maziwa yakashuka yenyewe. Yaligonga ndoo mpaka povu likafika ukingoni, na mimi ndani ya gauni la watu nasikia macho yananiwasha.

Mwenye shamba alirudi wakati ule ule. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akanitazama, akamtazama binti yake, akauliza kwa upole mbona hakuna aliyempa taarifa kwamba mke wake ametoka hospitali na ameota ndevu. Kisha akaketi chini kwenye majani akacheka mpaka akalia. Nadhani alikuwa na kilio cha siku nyingi kilichokuwa kinatafuta njia. Aliponyanyuka alisema mke wake anaendelea vizuri, ameomba uji, amemgombeza muuguzi. Tukajua amepona.

Lakini ninalotaka kukuambia lilikuja baada ya hapo. Nilivuka uani na ndoo, bado na gauni, nikaketi kwenye ngazi ya jikoni kuvua buti. Tonge akatokea nyuma yangu. Akaliona gauni, akaja mbio na vile viguu vyake, akanikumbatia kiuno, akafukia uso. Nikakaa kama jiwe. Baadaye akainua kichwa, akaona kidevu changu. Nikajiandaa kwa mayowe. Alinitazama sana, dada. Akatazama gauni, akatazama kidevu, akakishika kidevu kwa vidole akakivuta, kisha akarudisha uso pale pale kwenye gauni na kulala. Nilikaa kwenye ile ngazi mpaka mguu ukafa ganzi. Jioni ile alikunywa maziwa mkononi mwangu, na siku iliyofuata alinijia hata nikiwa na nguo zangu. Sasa akiniona natoka na nyundo ananifuata, ana nyundo yake ya kijiti.

Mama Hakimu aliporudi tulimsimulia yote. Alinisihi ninyamaze kwa sababu nyuzi zinamuuma akicheka. Kisha akaniambia kwamba Malkia alipoletwa hapa kutoka shamba lingine alikuwa hivyo hivyo, hataki kuguswa. Yeye alilitundika gauni lake kwenye hori, bila kulifua, akamwachia ng'ombe alizoee kwanza kabla ya kumzoea mwenye gauni. Akasema watoto nao ni hivyo, pua inakujua kabla ya macho, na jina linakuja mwisho kabisa. Alisema hivyo huku anamenya viazi, wala hakujua amenipa nini.

Sasa unajua kilichomo kwenye kifurushi. Ni shati langu la kazi, lile la mistari ulilonishonea kifungo. Nimelivaa wiki nzima bila kulivua. Nimekamulia, nimechimbia nguzo, nimelala nalo. Hakimu amelinusa na kuhukumu kwamba linanuka mbuzi, na hapa hatuna mbuzi. Nakuomba usilifue. Najua naomba jambo gumu kwa mtu ambaye hufua hata tambara la kudekia. Liweke pale anapolala Chiriku. Usimweleze kitu, usimwambie ni la baba, usimlazimishe. Akilitupa, lirudishe kesho yake. Akitaka kulifanya kitanda cha mwanasesere, mwache. Nikija baada ya mavuno nitakuwa nimevaa la pili yake, ambalo nalo halijaonja sabuni, kwa hiyo watu wa kwenye basi uniombee msamaha mapema.

Kuna jingine, na hili sijamwambia mtu. Mpaka sasa nimeandika kama vile aliyekimbia ni yeye peke yake. Siku ya kwanza ya safari ile nilipomwinua, kabla hajapiga kelele, nilimnusa utosini. Nilinusa nyumba yako, moshi wa jiko lako, mafuta yako ya nywele. Nilimtafuta mwanangu pale nisimwone. Nilimshusha chini kabla yeye hajataka kushuka, dada. Mayowe yalikuja baadaye. Kwa hiyo usifikiri mgeni alikuwa mmoja tu. Mimi pia nilimwogopa, na bado namwogopa kidogo, ndiyo maana nimefika mpaka ukurasa huu ndipo nikasema.

Basi nawe nitumie kitu chake. Kile kigauni cha kuchezea, kilichochakaa, akivae wiki nzima na matope yake na jasho lake, kisha mkabidhi dereva akirudi na magunia matupu. Usikifue. Nitakitundika kwenye msumari ulio juu ya kitanda changu. Pua yangu ni nzito na imezoea samadi, lakini itajifunza.

Mwenye shamba amesema chumba cha pili cha ghala ni kikavu, akikitoa mbolea kinakaliwa na watu. Alitaja mtoto, akataja na dada. Sitaki ushtuke. Sina nia ya kumtoa mtoto mikononi mwa mtu anayemjua. Nilichosema ni kwamba wakija watakuja wote wawili, au tutaendelea kama tulivyo mpaka mwenyewe Chiriku atakapoamua, naye mwenyewe nasikia ni mwepesi wa kuamua. Tutazungumza nikija. Hakimu ameshaulizia kama huyo mtoto ataweza kulala upande wa ukutani.

Nisalimie fundi cherehani wa jirani, mwambie suruali aliyonishonea bado inanishika vizuri isipokuwa pale inapopaswa kushika. Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia uwasalimie pia wapate kuona haya. Mbona ananiuliza mbona barua ni ndefu hivi, na Hakimu amesimama begani kwangu anasema herufi zangu zimelewa. Nafunga kabla hawajaanza kunisomea. Goti lako ulifunike, maji ya ndoo kubwa uache kubeba.

Na shati, dada, usilifue.

Mimi mdogo wako,
Ngongoti