Sahani ya Mama Esta

Mjukuu wangu Neema,

Huku ughaibuni, Rissne, hatujambo. Mama yako amepata zamu za mchana, na babu yako analalamikia magoti ila anakula kama kijana.

Unauliza ipi tamu, nyama ya älg, yule kulungu mkubwa, au ya rådjur, yule mdogo. Siku zote nimekwambia ni älg. Nilidanganya.

Nilipokuwa bado mke kijana, ndiyo kwanza tumefika hapa, jirani yetu Mama Esta alituletea sahani ya rådjur. Babu yako akala, akalamba vidole. Kwa chakula changu hajawahi! Kwa wivu sikuonja hata mchuzi. Kwetu huwezi kumrudishia jirani sahani tupu, basi niliijaza älg niliyopika mwenyewe, nikampelekea ili ajue mpishi ni nani.

Alionja palepale mlangoni, akacheka kwa furaha. "Dada, yako imeshinda yangu!"

Rådjur sijaionja kamwe, kwa hiyo mimi sijui ipi tamu, muulize yeye. Nyama yake nilishaacha kuionea wivu. Ninachomwonea wivu hadi leo ni jinsi neno lile lilivyomtoka kirahisi.

Bibi yako