Sungura Wanakufa, Mkamwana Kaondoka

Mpendwa mshauri Winifred, naomba msaada, na kabla hujanihurumia ujue anayekuandikia ndiye mfugaji mkuu wa sungura mbilikimo Kigali nzima, mabalozi wanapanga foleni mlangoni kwangu. Haya, balozi hajawahi kufika. Alifika mlinzi wa balozi, akauliza bei, akacheka, akaenda zake. Nina dume mmoja aitwaye Komanda na majike wawili, basi.

Watu wanapenda sungura anayekoma kukua akifika ukubwa wa kiatu, kwa hiyo nikawa nampandisha mdogo kwa mdogo, nikiona mtoto anarefuka masikio namchinja, na kweli wakawa wazuri kama wanasesere, lakini jirani mwenye sungura wa kawaida anapata watoto wanane mimi napata watatu, na karibu kila uzazi yuko mmoja kama punje ya karanga, kichwa kikubwa, nyonga hakuna, masikio kama mbegu za boga, hata umpe maziwa kwa bomba la sindano anakufa tu. Nikamlaumu paka, nikamlaumu jirani, nikaenda kwa padri kuomba maji ya baraka, akanifukuza.

Mwishowe nikamwita Mutsinzi, daktari wa mifugo. Akasema, "Muzehe, iko ndani ya damu. Mtoto akirithi udogo huu kwa mzazi mmoja anakuwa mzuri. Akirithi kwa wote wawili, haishi."

Sasa nisikilize, mwanangu. Mimi ni mfupi. Marehemu mke wangu alikuwa mfupi. Mwanangu Bertrand ni mfupi, na ni mimi niliyemtafutia Belyse kwa sababu naye ni mfupi, nikatamba siku ya posa kwamba wanalingana kama soksi. Mimba yao ya kwanza ilitoka. Sasa Belyse ana nyingine, kubwa, na mimi nikiwa na hofu mdomo wangu hufanya mzaha wenyewe, basi tukiwa mezani nikasema, "Humu ndani tumepandisha mdogo kwa mdogo, tungojee karanga."

Alikuwa anapakua isombe, kisamvu chetu. Akauweka mwiko chini polepole. "Papa, unamsema mtoto wangu?"

Kesho yake akaenda kwa mama yake, kule Kanombe. Bertrand akamfuata, akaniachia neno moja tu: "Papa, baki na sungura wako."

Mtoto anakaribia. Kwetu siku ya kumpa mtoto jina babu hukaa mbele akatoa lake, na langu nimeshalichagua, sijamwambia mtu. Je, mtoto atakufa? Na nikienda Kanombe niseme nini, wakati sijawahi kuona mzee akimwomba mkamwana msamaha?

Unakumbuka harusi ya Alida kule Ndera, viti vilipungua, nikakupa changu nikasimama hotuba zote, ukasema, "Mzee, nina deni lako"? Basi nalidai: mpigie Belyse simu umwambie arudi. Ukichapisha barua hii majina usifiche, Biryogo nzima inajua.

Cyriaque, Biryogo

*

Mzee Cyriaque, pole. Naanza na mtoto, maana mzaha wako wote ni nguo tu uliyoivalisha hofu.

Mjukuu wako si sungura. Nilimuuliza daktari wa akina mama kabla ya kukujibu. Ufupi wa kawaida wa watu kama wewe na mimi hautokani na kitu kimoja, hukusanywa kidogo kidogo kwa wazee wengi, na chakula cha utotoni nacho kina sehemu yake. Hakuna karanga humo. Belyse aendelee na kliniki, na akiwa na swali amuulize mkunga wake, asikuulize wewe.

Sungura je? Hakuna aliyekuroga. Ukimpandisha mdogo kwa mdogo, tegemea mmoja kati ya wanne awe wa kufa. Na yule wa masikio marefu uliyekuwa ukimtia sufuriani ndiye angekuokoa! Jike kama huyo hana ule udogo. Apandishwe na dume mdogo asiye ndugu yake: hatazaa karanga hata mmoja, nusu watakuwa wadogo kama unavyotaka, na tumbo lake pana hubeba wengi zaidi. Acha kisu. Mutsinzi akuchagulie.

Lakini hilo la mezani! Mwanamke aliyekwisha kupoteza mimba, unamwekea neno kama hilo kwenye sahani? Uliogopa, sawa. Yeye anaogopa zaidi, na hofu yake iko tumboni mwake. Ulipaswa kumuuliza anaendeleaje, wewe ukamfanyia mzaha.

Simu sipigi. Aliyesema ni wewe, atakayekwenda ni wewe. Nenda kesho, beba unga wa uji na maparachichi, usimtumie Bertrand akusemee. Sema, "Binti yangu, niliogopa, nikasema upumbavu." Kisha funga mdomo. Akilia, nyamaza. Akikufukuza, rudi Jumapili. Usimwambie arudi Biryogo, anaweza kujifungulia kwao. Na usiende na sungura.

Lile jina, mnong'oneze Belyse kwanza. Akilikataa, mpe mtoto wa Komanda.

Kiti chako sijakisahau, magoti yako yalitetemeka mpaka keki ikakatwa. Wakikualika siku ya jina, niambie. Utakaa mbele, nami nitasimama nyuma yako hotuba zote.

Winifred