Mchezo wa Tano

Ijumaa, Columbus. Manyunyu yanaanguka juu ya Barabara ya Morse tangu alfajiri, nami nimeamka na ubishi kifuani.

Kwa majuma mawili nimekuwa mwoga. Leo nimeacha.

Mdogo wangu Amani yuko Buffalo, mwaka wake wa kwanza katika chuo cha huko. Katika timu yao ya futiboli ya Kimarekani yeye ni mpigaji wa akiba: mtu anayeingizwa kwa sekunde chache tu, aupige mpira kwa mguu upite kati ya milingoti, kisha atoke. Mguu huo ulilelewa na soka ya kambi ya wakimbizi tulikokulia, na sikubali mtu aseme kwamba aliupata Marekani.

Kanuni ya mchezo huu ni rahisi kuisema. Mwanamichezo wa chuo hupewa miaka mitano ya kutumia misimu minne. Mwaka unaozidi anaweza kuukalia: anafanya mazoezi na kuvaa sare, lakini hachezi, na msimu huo haukatwi katika minne yake. Kukaa huko wanakuita redshirt. Anaruhusiwa hata kuonja michezo minne. Akiugusa wa tano, msimu umetumika.

Amani ameshacheza minne.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Mjomba Bahati, kiongozi wa kwaya yetu, alimcheka mbele ya watu, kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa ndani. "Donc, mutoto anavaa uniforme, anakula na équipe, lakini hacheze? Ile ni mupira ao ni mariage, ya kuvaa na kula tu?" Akanigeukia. "Bon, weye njo ulisoma. Tuelezee."

Nilimweleza. Katika kwaya yetu hakuna mgeni anayesimama mbele na kitenge cha kwaya kabla ya kuhudhuria mazoezi mwaka mzima. Sheria hiyo ni ya Mjomba mwenyewe, na mimi, niliyetoka Louisville na shahada yangu mkononi, aliniketisha benchi la nyuma miezi kumi na miwili.

"Mjomba, mimi ulinikalisha ya nini?"

"Ile ilikuwa discipline!"

"Basi na ya Amani ni discipline."

Watu waliangua kicheko, Mama akapiga vigelegele. Kumbe alikuwa ananirekodi, na jioni alimtumia Amani video.

Nilishinda kwa hoja ambayo nilijua si ya kweli.

Naungama hapa. Katika familia yetu kila karatasi hupitia kwa aliyesoma, na aliyesoma ni mimi. Amani hupokea barua za chuo na kunitumia bila kuzifungua. Majuma mawili yaliyopita ilikuja moja kutoka ofisi inayosimamia sifa za wachezaji kuruhusiwa kucheza. Ilisema kwamba miaka yake mitano haikuanza Buffalo. Ilianza mwaka jana, hapa Columbus, katika chuo kidogo alikosoma huku akifanya kazi ghalani Reynoldsburg, bila timu wala kocha. Kwa kanuni hiyo, mwanafunzi wa muda kamili saa yake inatembea, acheze asicheze. Angekuwa wa nusu muda, isingeanza.

Fomu ile niliijaza mimi. Nilifika kwenye visanduku viwili na kuweka alama kwenye "muda kamili", kwa sababu ile "nusu" ilinichoma. Tulikuwa tumeishi nusu nusu vya kutosha. Sikutaka mdogo wangu awe mwanafunzi nusu.

Kwa hiyo mwaka wa kukaa alishautumia bila kujua. Imebaki miaka minne kwa misimu minne. Akikaa sasa hahifadhi chochote. Anatupa msimu mzima.

Jumatano mpigaji mkuu aliumia goti. Kocha alimwambia Amani kwamba nafasi ya kesho ni yake akiitaka, jibu kabla ya jioni hii. Amani aliniandikia kwamba atakataa, aulinde mwaka wake. "Kama ulivyosema kwenye video, dada."

Nilisoma ujumbe huo mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote chuoni.

Saa sita mchana nilimpigia. Nilimwambia yote: kisanduku, barua, video. Upande wa pili nilisikia ngazi za mbao za nyumba ya shangazi yetu anakoishi, kule West Side ya Buffalo, zikilia chini ya miguu yake. Alikuwa akipanda na kushuka.

"Wait, dada. Donc ningekaa bure?"

"Bure kabisa."

"Na barua ulisoma lini?"

"Majuma mawili."

"Two weeks, dada." Kisha, kwa ile sauti yake ya kuchokoza ambayo leo ilikuwa na kisu ndani: "Na wewe njo unaenda Louisville kufundisha watu kanuni?"

Ni kweli. Jumatatu nina usaili huko, katika ofisi ya chuo inayosimamia kanuni hizi hizi. Nikamwambia tu: "Cheza."

"Nitacheza. Lakini barua zangu, kuanzia leo, nazifungua mimi."

Alikata simu. Hakuniaga. Ni haki yake.

Kanuni haiulizi kama uliielewa ulipokuwa ukiweka alama. Sawa. Nami sitaipigia magoti. Mwaka ule umekwenda na sitaulilia tena. Hii minne iliyobaki hakuna atakayeipunguza kwa sababu ya aibu yangu. Jumatatu wakiniuliza ninajua nini kuhusu saa ya miaka mitano, nitaanza na kisanduku kile, bila kuinamisha kichwa.

Na kabla ya hapo, Jumapili, nitasimama mbele ya kwaya nzima na kumwambia Mjomba kwamba nilimdanganya. Atacheka hadi chozi limtoke. Acha acheke. Amani atakuwa ameshacheza.